Mkia wa Tangazo

Kwenye jengo letu la ghorofa sita kuna ubao wa matangazo. Umepigiliwa ukutani chini ya ngazi, kati ya mita za umeme na mlango wa chumba changu cha kushonea. Nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani naona mita, naona ubao, naona migongo ya wapangaji wakisoma. Kwa miaka tisa niliyokaa hapa nimejifunza kupima ukali wa tangazo kwa kuangalia mabega tu. Yakitikisika kidogo, ni maji. Yakitikisika sana, kuna mtu ametajwa.

Matangazo yote huandikwa na msimamizi wa jengo. Ndiye mwenye funguo za tangi, ndiye anayebadilisha balbu za ngazini, ndiye anayejua ni bomba lipi likipigwa teke linatoa maji. Jina lake liko kwenye kitambulisho chake na sijui kama kuna mtu amewahi kulihitaji. Sisi tunamwita Mkato, kwa sababu ya ile alama anayoipenda kuliko usingizi: nukta juu, mkato chini. Bwana huyu hawezi kuandika tangazo bila nukta mkato. Na si kwamba anaitupa tupa tu kama anayenyunyiza chumvi. Anaiweka pale pale inapotakiwa, na ndiyo maana inauma.

"Lifti imeharibika; ngazi hazijawahi kuharibika."

"Maji yatakatika kesho saa nne asubuhi; ndoo zenu zinajua la kufanya."

"Mpangaji wa ghorofa ya tano amenunua spika mpya; sote tumeshazizindua."

"Kuna mtu anamwaga maji machafu ngazini; viatu vyake navifahamu."

Hilo la viatu lilifanya watu watatu tofauti wabadilishe viatu wiki hiyo hiyo. Mimi nilikaa kwenye cherehani yangu nikacheka peke yangu mpaka uzi ukakatika.

Kabla ya kuwa msimamizi, Mkato alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa. Enzi hizo kurasa zilipangwa kwa mkono, herufi moja moja, vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyolala kwenye kasha lenye vyumba vyumba. Kasha lenyewe lilitoka ng'ambo, na waliolijaza waliligawa kwa hesabu ya lugha yao. Kiswahili kikaja kikawaumbua. Herufi a zilikuwa zinaisha kabla ya chai ya saa nne. Ukipanga "wanafunzi watakaa" tu umeshameza sita. Wapanga herufi walikuwa wanaviziana, ukurasa wa mwenzako ukivunjwa tu unakimbilia a zake. Kumbe herufi x na q zimejaa chumbani kwao, zimelala kama wastaafu. Na pembeni kabisa, kwenye chumba ambacho hakuna aliyekigusa mwaka mzima, nukta mkato tele, zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana.

"Nilizionea huruma," aliniambia siku moja. "Zimekuja kazini kila siku kama sisi, hakuna anayezipa kazi."

Basi akamwendea mzee wa kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, akamwuliza zile ni za nini. Mzee akafurahi mno. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza kitu zaidi ya saa. Akamfundisha kwa njia ya kiganja. Unaziba upande mmoja wa sentensi kwa kiganja chako. Kilichobaki kikiweza kusimama kwa miguu yake, unaziba upande wa pili. Nao ukisimama, na ukiona pande hizo mbili ni za nyumba moja, weka. Upande mmoja ukianguka, ondoa mkono wako hapo, kaa na mkato wako wa kawaida.

Mwalimu wa ghorofa ya tatu, mtu mwema anayependa maneno marefu, alijaribu kumwiga. Akabandika karatasi: "Nimepoteza; funguo zangu za ofisini." Mkato akaja na penseli nyekundu, akaweka kiganja, akageuka.

"Mwalimu, 'funguo zangu za ofisini' zimefanya nini?"

"Zimepotea, bwana. Si nimesema?"

"Umesema upande wa kushoto. Upande wa kulia zimelala tu, hazina kitenzi. Mpe mtu kazi ndiyo umlaze."

"Sasa si ningeweka nukta tu, yakaisha?"

"Nukta ni mlango umetiwa kufuli. Hii ni mlango umerudishwa tu. Mtu akisukuma anaingia chumba cha pili."

Ni kweli alikuwa na elimu yake. Hata zile orodha ndefu za zamu ya usafi, zenye mikato kila mahali, alizitenganisha kwa alama hiyo mpaka mtu ukajua zamu yako ni ipi: ghorofa ya kwanza, ngazi na ukumbi; ghorofa ya pili, ngazi na madirisha; ghorofa ya tatu, ngazi, madirisha na kelele. Nilipomwuliza kwa nini haweki "lakini" au "kwa sababu" kama watu wengine, alinijibu kwa majivuno: "Fundi, ukiweka 'lakini' umemtafunia msomaji. Ukiiacha, anatafuna mwenyewe, na akicheka anadhani kicheko ni chake."

Sasa ulimi hauna mfupa, na wa Mkato ulishazoea mwendo wa mkono wake. Alikuwa anaongea vile vile anavyoandika. Ungemsikia akivuta pumzi katikati, ndefu kuliko ya mkato, fupi kuliko ya nukta, na hapo ujue mkia unakuja.

Aliyekuwa anaupata mkia kila siku ni mkewe. Huyu tunamwita Mama Pasi, kwa kuwa amepiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Mwanamke mrefu, mtulivu, mikono yake ina joto hata asubuhi ya baridi. Watoto wao wawili ni watu wazima, wanaishi mbali, wamebaki wawili kwenye vyumba viwili nyuma ya ngazi, ukuta mmoja na mimi. Kwa hiyo nilisikia yote, na wala sikutega sikio.

"Chai nzuri; kikombe kina ufa."

"Umependeza; tumechelewa."

"Mwanao amepiga simu; hakukuulizia."

Mama Pasi alikuwa anacheka. Watu wote walicheka maneno ya Mkato, na mkewe akacheka pamoja nao kwa miaka ishirini na sita ya ndoa. Mara moja tu, nikimpima gauni, mikono yake imeinuliwa na futi imemzunguka kifuani, aliniambia bila kunitazama, "Fundi, mimi nimeolewa na upande wa kwanza, naishi na upande wa pili." Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kumjibu. Nasikitika mpaka leo kwamba nilikuwa na pini mdomoni.

Halafu ikaja siku ya cheti. Hospitali ilimchagua Mama Pasi kuwa mfanyakazi bora wa mwaka. Hospitali nzima, yenye madaktari na wauguzi na watu wenye makoti meupe. Wakamchukua mwanamke wa pasi. Alipigiwa makofi ukumbini, akapewa cheti ndani ya plastiki. Mumewe alipata habari kwa simu kabla mkewe hajafika nyumbani, na nakiri kwamba alifurahi. Nilimwona kwa macho yangu akiruka ngazi mbili mbili kutafuta karatasi safi. Akaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kuliko za siku zote, akabandika katikati ya ubao, akapanda darini kwenye tangi akipiga mluzi.

"Mke wangu amechaguliwa mfanyakazi bora wa hospitali nzima; mashuka ya nyumbani yanasubiri zamu yao."

Mabega yalitikisika siku hiyo hata ya watu wasiojua kusoma vizuri. Saa kumi na nusu Mama Pasi akaingia, cheti kifuani. Wapangaji waliokuwa pale wakampongeza, lakini pongezi zilitoka zimechanganyika na kicheko, na wakapisha ili asome. Akasoma. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayemwonyesha daktari meno. Akaingia ndani.

Baada ya nusu saa alitoka na mfuko wa nguo begani na pasi yake mkononi, waya umezungushwa vizuri.

"Fundi," akasema, "akishuka mwambie nimeenda kwa dada."

"Kwa siku ngapi, dada yangu?"

"Mpaka aishiwe wino."

Mkato aliposhuka nikamwambia. Akaangalia mlango, akaangalia ubao, akaniangalia mimi.

"Kaenda? Mbona mimi sijafanya kitu? Nimemsifu mbele ya jengo zima!"

"Umemsifu, halafu ukamkata."

"Fundi, tangazo liko sahihi kabisa. Pande zote mbili zinasimama. Njoo uzibe uone."

Nilishika mkasi nikauweka chini tena, maana nilijijua. "Mzee," nikamwambia, "mkeo hakuondoka kwa sababu ya kosa la uandishi." Nikampa vipande vyake, vyote, vya miaka tisa. Alinisikiliza akikunja na kukunjua mkufu wa funguo zake. Mwishoni akasema alidhani mkewe anafurahia. Si alikuwa anacheka?

Jumapili akaniomba nimsindikize kwa shemeji yake. Alivaa shati lililokunjamana kama karatasi iliyotolewa kwenye pipa, kwa kuwa pasi ilikuwa imeondoka na mwenyewe. Njia nzima nilimfundisha. Sema umekuja kumchukua, nikamwambia, sema samahani, basi. Akakubali kwa kichwa. Alirudia maneno kimya kimya, nilimwona midomo ikicheza.

Shemeji yake, dada mkubwa wa Mama Pasi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu wa kuuza sokoni, alitufungulia mlango wa uani. Mama Pasi alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi akishona kifungo. Mkato akavua kofia.

"Mama, nimekuja turudi nyumbani," akasema. Sauti ilikuwa nzuri, hata mimi moyo ulinilainika. Akavuta pumzi. Nilimkanyaga mguu, nikachelewa. "Jengo limechafuka."

Shemeji akapiga makofi mara moja. "Shemeji yangu, ungeishia kwenye 'nyumbani' ungekuwa na mke saa hii."

Mama Pasi hakugombana. Alimaliza kifungo chake, akakata uzi kwa meno, kisha akasema neno lake taratibu. Hospitali imempa nafasi ya chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Cheti kile kilikuja na hilo. Fomu iko kwenye mfuko wake. Jumatatu ya wiki inayofuata anatakiwa aseme anakitaka au hakitaki.

"Uliniandika ubaoni," akamwambia mumewe. "Basi niandike tena, pale pale, wasome wale wale. Jumamosi nitakuja kusoma. Nikikuta mkia unaouma, nahamia kwenye chumba changu, na sitakuwa na ugomvi na wewe. Nimechoka tu."

Alisema "nimechoka tu" kwa upole mkubwa. Hapo ndipo Mkato alipoogopa kweli. Tuliporudi, mara mbili alipita mbele ya jengo letu kama halijui.

Jengo zima lilijua kabla ya jioni, nami nakiri sikuwa bubu. Penye wengi pana mengi. Kila mtu akaja na ushauri wake, na mbele ya wote Mwalimu wa ghorofa ya tatu, aliyeona siku yake ya kulipiza zile funguo imefika. Dawa ni nukta, akasema. Andika sifa, weka nukta, rudi nyuma hatua tatu. Jumatatu Mkato akaandika chini ya uangalizi wake: "Mke wangu ni mwanamke mwema." Nukta. Alisimama mbele ya karatasi ile akihangaika kama mtu aliyevishwa kiatu cha mwenzake. Akaenda kukagua tangi, akarudi. Akaenda kukagua mita ambazo ziko pale pale, akarudi. Mchana nilipotoka kununua uzi nilikuta nukta imeota mkia: "Mke wangu ni mwanamke mwema; anajua kuondoka."

"Mkono umeenda wenyewe," akajitetea.

Jumanne akaandika: "Mke wangu ni hodari; ndiyo maana kazini hawamwachii." Mwalimu akaibandua. Jumatano akaandika: "Naomba radhi, mke wangu; sijaelewa kosa." Hiyo niliichana mwenyewe, tena mbele yake, nikafungia vifungo vya wateja kwenye vipande vyake.

Mazoea yana taabu. Alhamisi maskini akanyoosha mikono, akamwachia Mwalimu kalamu. Mwalimu hakungoja kuambiwa mara mbili. Alichukua karatasi mbili akaziunganisha kwa gundi. "Mke wangu ni nuru ya maisha yangu. Ni ua la bustani ya moyo wangu. Bila yeye dunia ni giza totoro. Nampenda." Nukta nne, mistari imenyooka, na chini kabisa ua limechorwa kwa kalamu ya buluu. Wapangaji wakasoma kwa heshima, mikono nyuma.

Mchana ule ule shemeji akapita, eti anaenda sokoni, wakati soko liko upande mwingine. Akasimama mbele ya ubao, akasoma hadi kwenye ua.

"Nani kafa?" akauliza.

Mwalimu akatoka kwenye ngazi akikohoa. Akaeleza kwamba haya ni maneno ya mapenzi.

"Ni maneno yako wewe," shemeji akasema. "Huyu hajawahi kuona ua tangu nimjue. Mdogo wangu akisoma hii atacheka, halafu ataenda kujaza fomu yake. Amesema aandikwe na mumewe. Hakusema aandikwe na shule." Akamgeukia Mkato aliyekuwa amejibanza kando ya mita. "Na hiyo alama yako, weka ukitaka. Hajawahi kugombana na alama. Amegombana na unachomwekea nyuma yake."

Mwalimu alikasirika, akapanda na ua lake. Mkato akabaki amesimama.

Ijumaa asubuhi akaingia chumbani kwangu na shati mkononi, akaniomba nimpigie pasi. Kiti cha wateja kilikuwa na vitambaa. Akakaa juu ya vitambaa. Nilitaka kumfukuza, nikamwangalia usoni, nikawasha pasi. Nilipofika kwenye mkono wa pili akaanza kuongea na sakafu.

"Fundi, mimi nikimsifu nikaishia hapo, naogopa."

"Unaogopa nini, mzee mzima?"

"Nilimwoa nikiwa mpanga herufi, nina mshahara, nina aproni yenye jina la kiwanda. Kiwanda kikafungwa. Sasa hivi nabadilisha balbu. Yeye kila mwaka anapanda, anapewa na cheti." Akaokota kipande cha uzi sakafuni, nami nikajikaza nisimsaidie. "Nikimwambia yeye ni mzuri vile alivyo, atakaa afikirie. Atajiuliza anafanya nini na mimi."

Nilikasirika na nikamhurumia kwa wakati mmoja, na sijui lipi lilitangulia. "Kwa hiyo miaka ishirini na sita umekuwa unamtoboa tairi ili asifike mbali?"

"Ndiyo."

"Sasa kaenda kwa miguu."

Akafunika uso kwa mikono. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikanishtua. Nilikuwa nimeisahau pasi juu ya kola. Nikamrushia shati lake pamoja na alama ya hudhurungi shingoni.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Na hayo uliyosema umeniambia mimi, na mimi si mkeo. Nenda kaandike. Usimsifu. Umeshindwa kumsifu, tumeona wote. Mwambie wewe ukoje."

Siku nzima sikumsikia. Maji yalikatika, hakuna tangazo. Balbu ya ghorofa ya pili ikaungua, watu wakapapasa. Nyuma ya ukuta nilisikia karatasi ikikunjwa na kutupwa, kisha nyingine, kisha nyingine tena.

Jumamosi nilifungua mlango wangu saa mbili. Karatasi ilikuwa moja tu ubaoni. Matangazo mengine yote alikuwa ameyaondoa, hata lile la mita. Herufi zilikuwa ndogo kuliko kawaida yake.

"Mke wangu hayupo; mimi mkiniona hapa, sipo."

Chini yake, kama kawaida: Msimamizi wa Jengo.

Nilisoma nikasimama. Mwanamke wa ghorofa ya tano mwenye spika akaja akasoma, akaniangalia, akapanda ngazi polepole. Akaja mwingine. Mgongo baada ya mgongo, na mabega hayakutikisika. Mwalimu alishuka kwa hasira zake za juzi, akasoma mara mbili, akatoa miwani. "Pande zote mbili zinasimama," akasema kwa sauti ndogo. Nikamwambia hapana, Mwalimu, huo wa kulia unaanguka, ndiyo maana kauandika.

Mama Pasi alikuja adhuhuri. Hakuwa na mfuko wala pasi. Mkononi alishika bahasha tu, nikajua ni ile fomu. Roho ikaniruka. Mwanamke anayekuja bila nguo zake amekuja kuaga. Wapangaji walikuwa wametapakaa ngazini kwa visingizio mbalimbali, mmoja anafagia palipofagiliwa, mwingine anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani isiyo na uzi.

Alisoma. Alichukua muda mrefu kuliko maneno yale saba yanavyohitaji. Mlango wa nyuma ya ngazi ukafunguka, Mkato akatoka na shati lake lenye alama ya pasi shingoni, mkufu wa funguo mkononi. Wakasimama, mmoja huku na mwenzake kule, ubao kati yao.

"Hii umeandika mwenyewe," akasema mkewe.

"Mwenyewe."

"Si Mwalimu."

"Si Mwalimu."

Huko juu Mwalimu akahema.

Mkato akamtazama mkewe, kuanzia viatuni mpaka kitambaa cha kichwani, kama mtu anayesoma prufu asiyetaka kukuta kosa.

"Nimekukosa," akasema.

Mama Pasi akangoja. Sote tukangoja. Aliyekuwa anafagia akaacha kufagia. Nilimkazia Mkato macho, nikamwomba kwa sauti ya ndani: mzee, usivute pumzi, nakusihi, usivute.

"Haya, malizia," mkewe akasema.

"Nimemaliza."

Mama Pasi akaendelea kumtazama, kana kwamba anasubiri mkia ambao kwa miaka ishirini na sita haujawahi kuchelewa. Haukuja. Akashusha mabega. Akamnyooshea ile bahasha.

"Jumatatu uwapelekee hospitalini," akasema, na sauti yake ikakwama katikati. "Waambie chumba sikitaki."

Mkato akaipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka mbele ya wapangaji wa ghorofa sita, wala hakuyapangusa. Mkewe akamshika mkono, wakaingia ndani, na mimi nikafunga mlango wangu nikalia juu ya gauni la mteja, la hariri, ambalo haliruhusiwi hata tone la maji.